SOMO LA MIFUGO: SUMU YA KIJIDUDU KILICHOKUFA



Si kila somo la jarida hili huwa la karafuu. Sote twajua ya kuwa mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka; mwaka mmoja hutupa mpaka majamvi yakakosekana, na mwaka wa pili hutuacha mikono mitupu. Katika mwaka huo wa pili ndipo wengi wetu tunapotazama bandani, kwani ng'ombe mmoja wa maziwa ndiye anayelipa madaftari ya skuli na mahitaji ya nyumbani, na samadi yake ndiyo inayolisha miche yetu. Tena tangu mbung'o alipomalizwa Unguja, ambako wa mwisho wa mwituni alinaswa mwaka 1996, wafugaji wameweza kufuga kwa amani zaidi ng'ombe wenye damu ya kigeni, ambao maziwa yao ni mengi lakini miili yao si migumu kama ya ng'ombe wetu wa asili.

Mara kwa mara husikika mfugaji akilalamika hivi: "Ng'ombe wangu jana alitoa lita kumi, leo ametoa mbili. Hakubadilishiwa mkono wa kumkama, wala hakukosa chakula. Amepatwa na nini?" Wengine husema jicho baya, wengine husema amechoka. Sababu ni nyingi, lakini iko moja ambayo haisemwi sana, nayo ni sumu itokayo katika magamba ya vijidudu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Leo tutaisoma sumu hiyo: inatoka wapi, inaingiaje, inafanya nini mwilini, na sisi tufanye nini.

MFANO KUTOKA SONGWE

Tumechagua mfano wetu mbali na visiwa hivi, katika Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016. Mji wake mkubwa wa biashara ni Tunduma, mpakani mwa Zambia, ambapo malori hupanga foleni na reli ya TAZARA huvuka kwenda Nakonde. Wilaya ya Mbozi, jirani ya Tunduma, ni nchi ya kahawa na mahindi. Mkulima wa kule anafanana nasi sana: ana zao moja la biashara ambalo bei yake haiko mikononi mwake, na pembeni ana ng'ombe wa kumpa maziwa na samadi. Yeye husamadi kahawa, sisi twasamadi karafuu.

Kule mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba hivi mpaka Aprili. Mahindi yakisha kuvunwa, mashine za kukoboa na kusaga hufanya kazi mchana na usiku, na pumba huwa tele na rahisi. Lakini wakati huo huo majani hukauka. Basi mfugaji hujikuta na pumba nyingi na majani machache, na yapo mashaka makubwa ya kufanya lile ambalo mtu yeyote mwenye huruma angelifanya: kujaza ndoo ya pumba ili kufidia majani.

Tumchukue mfugaji wa mfano, mama mmoja wa Mbozi, mwenye ng'ombe chotara aliyezaa wiki mbili zilizopita. Jirani yake anamwambia, "Mama, mwongezee pumba, utaona maziwa." Naye anaongeza, si kidogo kidogo, bali ndoo moja inakuwa mbili kwa siku moja. Siku ya kwanza maziwa yanapanda. Siku ya tatu ng'ombe anaacha kucheua, mavi yanakuwa mepesi yenye povu, na maziwa yanashuka. Mama anadhani chakula hakijatosha, anaongeza tena. Hapo ndipo hatari inapozidi, na ili tujue kwa nini, yatupasa kwanza tuijue sumu yenyewe.

SUMU HII NI NINI?

Mwaka 1884 mtaalamu wa Denmark, Hans Christian Gram, alionyesha njia ya kuvitia rangi vijidudu viitwavyo bakteria ili viweze kutofautishwa. Kundi moja hushika rangi ya zambarau, na kundi la pili haliishiki. Kundi hili la pili, ambalo ndani yake wamo wale wa mavi ya ng'ombe waitwao *E. coli*, lina gamba la nje ambalo kundi la kwanza halina. Gamba hilo ndilo lenye sumu.

Mwaka 1892, kule Berlin, Richard Pfeiffer, aliyekuwa akifanya kazi pamoja na Robert Koch, alichunguza vijidudu vya kipindupindu. Aliviua kwa moto, kisha akawadunga wanyama wadogo wa majaribio. Ijapokuwa vijidudu vilikuwa vimekufa, wanyama wale walikufa pia. Pfeiffer akafahamu kuwa sumu ile haitemwi na kijidudu kama nyoka atemavyo, bali imo katika mwili wake wenyewe, nayo hutoka anapovunjika. Akaiita endotoksini, maana yake sumu ya ndani.

Hili ndilo neno kubwa la somo letu, nasi twaomba lishikwe vyema: kijidudu kilichokufa chaweza kudhuru. Kuchemsha hakuiondoi sumu hii. Moto wa maji yachemkayo huua kijidudu, lakini gamba lake hubaki na ukali wake. Kwa hivyo dawa ya kuua vijidudu, peke yake, haimalizi kazi.

MILANGO MINNE

Sumu hii haikosekani katika ng'ombe hata mmoja. Tumbo lake kubwa limejaa vijidudu vya kila namna, na bila ya hivyo asingeweza kula majani. Maadamu sumu imebaki ndani ya tumbo haina neno. Balaa huanza inapopita ukutani na kuingia katika damu. Milango yake mikubwa ni minne.

Mlango wa kwanza ni tumbo lenyewe. Majani huyeyushwa polepole, lakini wanga wa mahindi huchachuka upesi na kutoa asidi. Ng'ombe ana kinga yake: anapocheua hutoa mate mengi sana, ambayo kwa siku moja ng'ombe mkubwa aweza kupita lita 100, na mate hayo yana magadi yanayopoza asidi. Lakini pumba hazimfanyi acheue kama majani. Basi asidi huzidi, vijidudu vingi hufa na kuvunjika, sumu hujaa tumboni, na asidi ile ile huuchubua ukuta wa tumbo. Hivyo mwizi huongezeka na mlango huachwa wazi kwa wakati mmoja.

Mlango wa pili ni kiwele. Ng'ombe akilala penye mavi, *E. coli* hupanda kwa tundu la chuchu. Tundu hilo hukaa wazi kwa muda baada ya kukama, na hatari huzidi siku za kwanza baada ya kumkausha na siku za karibu na kuzaa.

Mlango wa tatu ni kizazi, khasa pale kondo la nyuma linapokawia kutoka, au mtu anapoingiza mkono usiosafishwa kumvuta ndama.

Mlango wa nne twautaja kwa ajili yetu watu wa visiwani, kwani katika baridi ya Mbozi si tatizo kubwa kama hapa. Ni joto. Ng'ombe anapozidiwa na joto mwili wake hupeleka damu nyingi kwenye ngozi ili apoe, na matumbo hupungukiwa. Ukuta wa matumbo ukikosa damu ya kutosha hulegea, na sumu hupenya.

KINACHOTOKEA MWILINI

Damu itokayo matumboni hupita kwanza katika ini, nalo ini ni kama forodha: hukamata sumu na kuivunja. Ikiwa ni kidogo, mambo huishia hapo. Ikizidi, hupita na kuenea mwilini, na ini lenyewe huchoka.

Chembe nyeupe za damu ndizo askari wa mwili. Mwaka 1998 Bruce Beutler na wenzake, kule Marekani, walionyesha mahali hasa katika chembe hizo panapoitambua sumu hii, mfano wa kengele mlangoni. Kwa kazi ya namna hiyo Beutler alikuwa mmoja wa waliopewa Nishani ya Nobel mwaka 2011. Kengele ikigongwa, askari hutoa ishara za kuuamsha mwili mzima. Joto hupanda, moyo hupiga mbio, mishipa ya damu hupanuka na kuvuja, na kiungo kilichoshambuliwa huvimba, huwa cha moto na huuma. Huu ndio uvimbe wa moto, na kwa asili yake ni ulinzi, si ugonjwa.

Lakini ulinzi una gharama. Askari waliokaa kimya hutumia nguvu kidogo, ila wakiamshwa hula sukari ya damu kwa wingi mno. Na sukari hiyo hiyo ndiyo kiwele kinachoitaka ili kutengeneza maziwa. Wakati huo huo ishara zile humfanya ng'ombe akatae chakula. Basi matumizi yamepanda na mapato yameshuka. Mwili huanza kuyeyusha mafuta yake, mafuta hayo hulijaza ini, nalo ini lililojaa mafuta haliwezi tena kutengeneza sukari vizuri wala kuivunja sumu. Mambo haya hushikana kama duara. Tena chokaa iliyo katika damu hushuka, na ng'ombe aliyezaa karibuni, ambaye chokaa yake tayari inakwenda katika maziwa, aweza kuanguka asiinuke.

HESABU YA MAZIWA

Mwanachama atauliza: ni sukari kiasi gani? Mwaka 2017 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Iowa State, Marekani, walitoa jawabu. Waliwadunga ng'ombe wakubwa wa maziwa sumu hii kwa kipimo kidogo sana, chini ya uzito wa punje moja ya mchele, kisha wakawa wanawatilia sukari katika mshipa ili damu isipungukiwe. Walipohesabu waliona kuwa askari wa mwili walikula zaidi ya kilo 1 ya sukari kwa muda wa saa 12.

Sasa tufanye hesabu ya kibandani. Lita moja ya maziwa ina sukari ya maziwa karibu gramu 50. Kilo moja ina gramu 1,000. Gawanya 1,000 kwa 50, utapata 20. Yaani sukari iliyoliwa na vita vya nusu siku yatosha sukari ya lita 20 za maziwa. Ni kweli ng'ombe wale walikuwa wakubwa kuliko wetu na walitiwa sumu kwa makusudi. Lakini ng'ombe chotara atoaye lita nane au kumi, hata akipatwa na robo ya vita vile, maziwa yake yatakwenda wapi? Hayakuibiwa na mkamaji, wala hayakuzuiwa na jicho la mtu. Yameliwa vitani.

Kwa hivyo yule mama wa Mbozi alipoona maziwa yanashuka hakuwa na upungufu wa pumba. Pumba ndizo zilizoleta vita, naye akawa anaongeza kuni motoni.

DALILI ZA KUTAZAMA

Ng'ombe mzima akipumzika utamkuta anacheua. Tazameni ng'ombe wanapolala mchana. Ikiwa wengi hawacheui, chakula kina kasoro. Mavi mepesi ya kijivujivu yenye povu au punje, mafuta ya maziwa kupungua, na kwato kuuma wiki kadhaa baadaye, hizo ni dalili za asidi ya tumbo.

Kwa kiwele, kamueni matone ya kwanza ya kila chuchu katika chombo cheusi kabla ya kukama. Maziwa yaliyo kama maji, au ya rangi ya manjano, au yenye mabonge, pamoja na robo moja ya kiwele iliyovimba ghafla na kuwa ngumu, ni hatari ya saa, si ya siku.

Joto la ng'ombe mzima ni kati ya digrii 38 na 39 na kidogo. Likipita 39.5, mwiteni mtaalamu. Lakini jihadharini: ng'ombe aliyezidiwa na sumu aweza tena kupoa, masikio yakawa baridi na akashindwa kusimama, mtu akadhani ni upungufu wa chokaa tu. Kwa sababu hiyo ng'ombe yeyote aliyeanguka baada ya kuzaa lazima akaguliwe kiwele na kizazi pia, asitiwe chokaa tu na kuachwa.

MAMBO YA KUFANYA

1. Majani kwanza, pumba baadaye. Ng'ombe asipewe pumba akiwa na njaa tupu. Angalau nusu ya chakula chake, kikipimwa kikiwa kikavu, iwe majani au mabua.

2. Pumba zigawanywe. Kwa mara moja zisizidi kilo 2 hivi. Ni bora mara tatu kidogo kuliko mara moja nyingi. Zipimeni, msizikadirie kwa jicho.

3. Badilisheni polepole. Ongezeni nusu kilo, ngojeni siku tatu au nne, kisha ongezeni tena. Vijidudu vya tumbo huhitaji wiki mbili mpaka tatu kuzoea chakula kipya. Pumba zinazotufikia kutoka bara hazifanani. Mfuko mmoja huwa na maganda mengi, wa pili una unga mwingi. Mfuko mpya uchanganywe na wa zamani.

4. Wekeni akiba ya malisho. Kule Songwe aliyekusanya mabua yake ya mahindi na kuyahifadhi pasipofika mvua hana haja ya kujaza ndoo ya pumba wakati wa kiangazi. Hapa kwetu tupande majani ya tembo kando ya mashamba, tuyakate mapema na kuyakatakata.

5. Kitanda kikavu. Mavi yaondolewe kila siku, na ng'ombe aliye karibu kuzaa apewe mahali pake, pasafi, penye nyasi kavu. Baada ya kukama, chuchu zichovywe katika dawa ya madini joto, na ng'ombe apewe majani asimame ale, ili asilale tundu za chuchu zikiwa wazi.

6. Maji na kivuli. Maji yasikatike mchana wala usiku. Hapa visiwani bandani pawe na upepo, na chakula kizito kitolewe jioni au alfajiri.

7. Mwiteni mtaalamu saa ile ile. Mtaalamu wa mifugo ana dawa za kushusha uvimbe wa moto, ana maji ya kutia katika mshipa, na chokaa. Sindano ya kuua vijidudu iliyonunuliwa dukani na kudungwa kwa kukisia haiondoi sumu iliyokwisha kutoka, na vijidudu vinavyouawa kwa wingi huweza kuachia sumu zaidi. Ni juu yake kuamua dawa gani, na lini.

8. Maziwa ya robo iliyougua yasichanganywe na mengine, wala asipewe ndama, wala yasimwagwe sakafuni mwa banda. Na maziwa ya ng'ombe aliyepewa dawa yasiuzwe mpaka siku alizozitaja mtaalamu zipite. Aliyenunua maziwa kwetu ametuamini.

NENO LA MWISHO

Tumezoea kuhesabu hasara pale ng'ombe anapokufa. Somo hili latuambia kuwa hasara kubwa zaidi ni ile ya kila siku isiyotoa harufu: lita moja leo, lita mbili kesho, zikiliwa na vita vidogo ambavyo sisi wenyewe tumevianzisha kwa ndoo ya pumba au kwa kitanda kichafu. Askari wa mwili hawana kosa. Wanafanya kazi waliyoumbiwa. Kosa ni letu tukiacha milango wazi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa ng'ombe wa maziwa ufa huo ni mwembamba kuliko unywele.

MASWALI YA KUJIPIMA

Wanachama wasome tena somo hili kisha wajaribu kujibu bila ya kutazama:

1. Kwa nini kijidudu kilichouawa chaweza bado kumdhuru ng'ombe?

2. Taja milango minne ya sumu. Upi ulio mkubwa katika banda lako?

3. Maziwa yameshuka siku ya pili baada ya kuongeza pumba. Utaongeza au utapunguza? Kwa sababu gani?

4. Ng'ombe amezaa jana na leo hainuki. Mambo gani yakaguliwe zaidi ya chokaa?

Anayelisha ng'ombe nyumbani mara nyingi ni mama au kijana, wala si yule ambaye jina lake limo katika daftari la chama. Basi someni somo hili pamoja nao, kisha ukurasa huu ubandikwe mlangoni mwa banda, mahali ambapo mwenye ndoo ya pumba hawezi kupita bila ya kuuona.